Kungoja Gari la Tukuyu

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama tungekuwa tayari kuwapeleka wazazi wetu katika makazi ya wazee ya kulipia kama yale ya Marekani na Ulaya, ambamo mzee mwenye nguvu hukaa katika nyumba yake ndogo, na aliyepatwa na ugonjwa wa kusahau huhamishiwa upande wenye uangalizi wa usiku na mchana. Nilishika kalamu ili nijibu hapana. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiweka familia mbele katika matunzo na makazi ya wazee nyuma kabisa, nami nimelelewa hivyo hivyo.

Lakini familia ni nani saa nne asubuhi siku ya Jumatano? Nyumbani kwetu Mbeya ilikuwa ni binti wa kazi wa miaka 19, tuliyemwachia mama pamoja na ufunguo wa geti.

Mama tulimtoa Tukuyu baada ya kusahau sufuria motoni mara mbili. Mjini hali ilizidi: kila jua lilipoanza kushuka alifunga nguo zake katika kanga na kutuaga kwamba anarudi kwa mama yake. Sisi tulimsahihisha. Kila siku tulimwambia kwamba bibi alikwisha kufariki, naye kila siku alilia msiba mpya.

Julai moja, katika baridi ile mnayoijua, alitoka. Tulimtafuta Mwanjelwa, Soweto na hospitalini, tukamkuta jioni Uyole, pale njia ya Tukuyu inapoachana na barabara kuu, ameketi karibu na muuza viazi, amefunikwa kitenge kisicho chake, akitenga viazi vikubwa na vidogo. Alikuwa amesimama barabarani na kiatu kimoja akisimamisha Coaster. "Sikumbishia, dada," muuzaji aliniambia. "Nilimwambia gari linakuja, anisaidie viazi tukilingoja." Alikuwa amemsalimu "ndaga", na mama, ambaye Kiswahili kilikwisha kuanza kumtoka, alizungumza Kinyakyusa mchana kutwa. Nilipofungua kinywa nimweleze mama kwamba kwao hakuna mtu, yule muuzaji alinitikisia kichwa. Mama alikataa kuondoka kabla debe halijajaa, nasi tukangoja.

Baadaye nilisoma kwamba mjini Düsseldorf, Ujerumani, nyumba moja ya wazee iliweka nje kituo cha basi kisichopitiwa na basi lolote, ili mgonjwa anayetaka kwenda kwao aketi hapo, mhudumu aje wazungumze, mpaka hamu ya safari imwishe. Huko Weesp, Uholanzi, kuna kijiji kizima, De Hogeweyk, ambamo tangu mwaka 2009 wagonjwa wa aina hii hutembea na kwenda dukani humo humo, na muuzaji anajua anahudumia nani. Muuza viazi wetu hakusomea popote.

Kwa hiyo jibu langu limenigeukia mkononi. Mahali penye ukuta mrefu na vyumba vyenye namba nisingempeleka mama, na kwa mshahara wa mwalimu nisingeweza. Ila kama nyanda zetu hizi zingekuwa na mahali, hata pa kushinda mchana tu, penye shamba la viazi na wahudumu wanaojua Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe na Kibena, maana lugha ya utotoni mara nyingi ndiyo hubaki nyingine zikipotea, ningempeleka, mradi jioni arudi nyumbani. Kaka yetu wa Dar es Salaam angesema tumemtupa mama, lakini yeye alikaa naye Krismasi mbili tu.