Beba kaseti yako mwenyewe unapokwenda kununua kinasa sauti cha kompyuta ya zamani

Kosa langu la kwanza lilinigharimu dola 25 na miezi miwili ya kusubiri. Nina kompyuta ya Amstrad CPC 6128 ambayo baba mdogo aliirudisha huku Bukavu, Kongo, kutoka Ubelgiji: kumbukumbu ya kilobaiti 128, skrini ya kijani, kibodi ya Kifaransa. Mashine hii ilitoka 1985 ikiwa na sehemu yake ya diski, lakini diski zenyewe ni za inchi 3, si zile za inchi 3 na nusu tulizozizoea. Ndani, mkanda wa mpira unaozungusha diski ulikuwa umegeuka lami. Nikaona bora kaseti, maana kompyuta hizi zinaweza pia kuhifadhi programu kama sauti kwenye kaseti ya kawaida. Mtoto wa baba mdogo aliyeko Liège akanitumia picha kwenye WhatsApp: kinasa kizuri, kimeandikwa Commodore, jina la kampuni nyingine ya kompyuta, "cha kompyuta kabisa". Nikasema tuma.

Kilipofika nikatafuta pa kukichomeka, nikakosa. Kinasa cha Commodore kina plagi bapa ya aina yake, kinakula umeme kutoka kwenye kompyuta, na ndani yake mna saketi inayogeuza sauti ya utepe kuwa ishara ambazo Commodore inazielewa. Kwa Commodore 64 ni chombo safi. Kwa Amstrad ni pambo, na hadi leo kiko juu ya kabati. Basi kabla ya kutoa hata senti, geuza kompyuta yako uangalie tundu lake. Kompyuta ya ZX Spectrum ina vitobo viwili vya kawaida, EAR (cha kusoma) na MIC (cha kurekodi). CPC 464, Amstrad nyingine, ina kaseti yake ndani tayari. CPC 6128 ina tundu la duara lenye vitobo vitano, na waya wake unaishia kwenye plagi tatu: mbili za milimita 3.5 na moja nyembamba ya milimita 2.5.

Hiyo nyembamba ndiyo wauzaji hawaijui. Ni ya kuwasha na kuzima mota ya kinasa. Kompyuta ikiwa tayari utasikia "tak" ndani yake, na utepe unaanza kwenda wenyewe. Kwa programu ya kawaida unaweza kuishi bila hiyo, ukabonyeza kwa mkono. Lakini mimi ni mwalimu wa hesabu na naweka alama za wanafunzi kwenye faili. Kompyuta inaandika bloku moja, yaani kipande kimoja cha data, inasimamisha mota, inafikiri, inaendelea. Bila kitobo cha plagi hiyo kwenye kinasa, alama za nusu ya darasa zinapotea.

Kwa hiyo unachotafuta ni kile kinasa cha bapa cha spika moja, ambacho wanakwaya na makatekista walikuwa wakitembea nacho. Usishawishiwe na radio kubwa yenye spika mbili na taa. Data ya Amstrad ni sauti moja tu. Kichwa cha stereo, yaani kile kinachosoma utepe, kinaisoma mara mbili, na pande mbili zisipolingana zinaharibiana.

Nilikipata changu Kadutu, hapa Bukavu, kwa muuza vyombo vya mitumba. "Mwalimu, hii njo yenyewe," akaniambia, akataka dola 15. Nikatoa mfukoni kaseti ya nyimbo ninazozijua kwa moyo. Hapo ndipo ukweli unapotoka. Mwimbaji akivuta sauti kama mlevi, mkanda wa mpira umelegea. Sauti ikiwa nzito kama imefunikwa blanketi, kichwa kimechafuka au kimepinda kidogo. Utepe ukitafunwa, kile kigurudumu cha mpira kinachoubana kimekuwa kigumu. Changu kilikuwa kinalewa, na mimi nikafurahi kimoyomoyo, maana ulevi ndio ugonjwa wa bei rahisi: nilikata bei hadi dola 9, fundi radio akaweka mkanda mwingine kwa dola 2. Kelele ya mota inayokwaruza, au kitufe cha kurekodi (REC) kisichokaa chini, hivyo mwachie mwenyewe.

Nyumbani nilisafisha kichwa na kile kijiti cha chuma kinachovuta utepe, kwa pamba na spiriti ya duka la dawa. Pamba ilitoka na rangi ya kahawia ya miaka mingi.

Kaseti ziwe za dakika 60. Za 90 utepe wake ni mwembamba, za 120 ni mwembamba zaidi na unavutika. Usianze kurekodi mwanzoni kabisa, kwa sababu ule utepe wa kwanza hauna sumaku.

Kisha jaribio. Andika |TAPE ili kompyuta itumie kaseti badala ya diski, halafu SPEED WRITE 0, yaani kasi ya pole, biti 1000 kwa sekunde. Hifadhi programu fupi, rudisha utepe nyuma, andika CAT. Kompyuta itasoma utepe na kukuonyesha jina, namba ya bloku, na neno Ok kama imesomeka vizuri, bila kugusa kilichomo kwenye kumbukumbu. Ikisema "Read error", usimlaumu muuzaji mapema: sogeza kitufe cha sauti kidogokidogo. Changu kinapenda robo tatu. Kitufe hicho kina kazi wakati wa kusoma tu. Wakati wa kurekodi kinasa kinajipimia chenyewe. Kuna SPEED WRITE 1 pia, ya kasi mara mbili. Niliijaribu siku ya haraka, nikairudia kazi yote siku iliyofuata. Programu ya kilobaiti 10 kwa kasi ya pole ni kama dakika mbili tu, unaharakia wapi?

Rafiki aliniuliza kwa nini nisitumie simu. Simu inaweza kucheza faili ya sauti (WAV) na Amstrad ikaisoma, kweli. Lakini kurekodi kwayo kunataka waya mwingine, na shemeji yangu ana kipaji cha kupiga simu bloku ya nne ikiingia.

Natumia betri. Umeme wa mtaani kwetu unapanda na kushuka, na adapta rahisi inaingiza mvumo kwenye utepe. Kaseti ziko mbali na spika na skrini kwa sababu ya sumaku, na ndani ya kopo la maziwa lenye kifuniko, kwa sababu unyevu wa Bukavu unaotesha ukungu kwenye utepe. Kila faili naihifadhi kwenye kaseti mbili, na ya pili inalala mtaa wa Nguba kwa huyo huyo shemeji.

Mara ya mwisho nilipopita Kadutu, yule muuzaji alikuwa na viwili vingine, kimoja hakina kifuniko cha betri. Ataanza na dola 15. Usimpe zaidi ya 10.