Tafuta maji kwanza, rangi itakuja

Swali lenu la wiki hii: mtu mwenye bajeti ndogo anayetaka kuirekebisha nyumba kwa mikono yake mwenyewe, aanzie wapi? Najua wengi mtasema rangi na siwalaumu, maana rangi unanunua Ijumaa na Jumapili nyumba inaonekana mpya. Jibu langu mimi ni maji. Yani kabla hujashika brashi zunguka nyumba nzima utafute maji yanapoingia, yanapovuja na yanapotuama, kwa sababu hela nyingi inapotea kwenye kupaka ukuta uliolowa, miezi michache tu rangi inavimba malengelenge, inabanduka, alafu mtu analalamika kauziwa rangi feki. Saa ingine rangi ya watu haina kosa lolote.

Kuzunguka kwenyewe ni bure. Ngoja siku mvua inanyesha kweli kweli ndo utoke nje uangalie. Gata limejaa majani linamwagia ukutani? Bomba la kushusha maji linaishia mguuni pa ukuta? Udongo wa nje umepanda mpaka uko juu kuliko sakafu ya ndani? Kutoa majani kwenye gata na kuchimba kamfereji ka kupeleka maji mbali na msingi kunataka jembe, ngazi isiyocheza na mtu wa kuishikilia basi, na inaweza ikawa ndo kazi ya maana kuliko zote utakazofanya mwaka mzima, ila usitegemee sifa, haitoki vizuri kwenye picha.

Sasa ndani. Ukiona ukuta una ukungu au doa la unyevu usikimbilie dukani, kwanza ujue unyevu unatoka wapi. Chukua nailoni safi kama sentimita 30 kwa 30, ukaushe hapo juu juu kwa kitambaa, ibandike kwa tepu pande zote nne pasiingie hewa, uiache siku 2. Ukirudi angalia vijitone vimekaa upande gani. Vikiwa nyuma ya nailoni, upande unaogusa ukuta, basi maji yako ndani ya ukuta kwenyewe: bomba linavuja, paa linavuja au yanapanda kutoka ardhini, na hapo hakuna rangi itakayokuokoa hata uambiwe ni ya kuzuia maji. Vikiwa mbele, upande wa chumba, ni mvuke wenu wenyewe wa kuoga, kupika na kuanika nguo ndani, na hapo dawa ni kufungua dirisha na kusogeza kabati litoke ukutani kidogo hewa ipite nyuma. Matatizo mawili yanayofanana kwa macho, moja linaisha bila kutumia hata senti.

Na ule unga mweupe unaoota chini chini ya ukuta ni chumvi, maji yanapita kwenye tofali na lipu yakifika nje yanakauka yanaiacha pale. Isugue kwa brashi kavu, ifagie uitoe nje. Watu wanaiosha na maji, kumbe inayeyuka inarudi ndani kusubiri zamu yake.

Koki inayodondosha nayo ni maji hayo hayo. Ikidondosha tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, na kama matone manne yanafanya mililita moja umeshamwaga lita 21 na ushee kila siku ya Mungu. Kwa zile koki za kuzungusha mara nyingi ni washa tu (kale kaduara ka mpira ka ndani kanakozuia maji) imekwisha. Funga valvu ya maji, fungua koki kuachia presha, ziba tundu la sinki kwa kitambaa (skrubu ikidondoka humo umeongeza kazi), fungua kichwa, toa washa ya zamani uende nayo dukani ukalinganishe. Usikariri saizi, nenda nayo.

Maji yakishatulia haya, tuje kwenye rangi. Kazi ya rangi karibu yote inafanyika kabla ya rangi, na hapo ndo video za mtandaoni zinatudanganya, mtu anaonyeshwa sekunde tano anakwangua alafu dakika nzima rola inapanda inashuka na muziki. Kwangua yote inayobanduka, ziba nyufa kwa puti, ikikauka piga msasa, anza na namba 120 umalizie na 180 (namba ikipanda msasa unakuwa laini), pangusa vumbi ndo upake. Kama ni lipu mpya ya saruji ipe kama wiki 4 ikauke kwanza maana saruji mbichi ina ukali unaokula rangi. Kama nyumba ni ya zamani sana usipige msasa mkavu kwenye rangi zake za zamani, nyingine zilitengenezwa na madini ya risasi, Marekani kwa mfano walikuja kuipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na vumbi lake ni sumu hasa kwa watoto. Hiyo mpe anayejua, au kama imeshika vizuri iache ilivyo uifunike.

Kitu kingine kinachokula hela za watu ni kupaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta bila kujua. Kupima ni rahisi mno: chovya pamba kwenye spiriti, sugua sehemu iliyojificha. Pamba ikitoka na rangi, ile ni ya maji, endelea. Ikitoka safi ni ya mafuta, kwa hiyo ipige msasa mpaka mng'ao upotee, upake praima (rangi ya chini ya kushikisha) ndo rangi yako ije juu, la sivyo utakuja kuibandua kwa ukucha.

Alafu piga hesabu jamani, msinunue kwa kukadiria na macho. Chumba cha mita 4 kwa 3 mzunguko wake ni mita 14, kikiwa na urefu wa mita 2.7 kwenda juu unapata mita za mraba karibu 38, toa mlango na dirisha inabaki kama 34, mara mikono miwili, yani unapaka mara mbili, ni 68. Rangi nyingi za maji lita moja inafunika kama mita za mraba 10 kwenye ukuta laini, kopo litakwambia lenyewe, kwa hiyo lita 7. Nunua zote siku moja na uzichanganye kwenye ndoo moja kubwa, maana kopo la leo na la mwezi ujao zinaweza zikapishana kidogo na jicho likaona. Tepu ya pembeni ibandue rangi ikiwa bado haijakauka kabisa, ukiivuta kuelekea kwako taratibu, ikishakauka inaondoka na vipande.

Vifaa mimi ningesema nunua brashi moja nzuri na pima maji (kile kifaa cha kuangalia kama kitu kimenyooka), keke azima. Bawaba ya mlango ikiwa imelegea kwa sababu tundu la skrubu limepanuka kwenye mbao usinunue kitu, weka gundi ya mbao, jaza njiti za kiberiti zisizo na vichwa, ikikauka kata zilizozidi urudishe skrubu. Inashika kweli.

Umeme, gesi na kubomoa ukuta hapana. Bajeti yako ndogo iwe inabana rangi na vitasa, sio hivyo. Ukuta unaweza ukawa umebeba dari na paa lote na huwezi kujua kwa kuugonga gonga.

Na kwa wapangaji wenzangu, maana najua mmeshaanza kusema nyumba sio yetu: washa ya koki na njiti za bawaba fanyeni tu hamna atakayewauliza, ila unyevu wa ukutani ni wa mwenye nyumba, mpigie picha ile nailoni na vijitone vyake umtumie, na kama mmekubaliana ununue vitu akate kwenye kodi aandike hata kwa meseji kabla hujatoa hela mfukoni.