Difu na giaboksi ni hesabu moja: kwa fundi anayeanza na magari ya zamani

Mteja akikuletea Datsun 240Z na kukwambia, "Fundi, nataka giaboksi ya gia tano ili injini isilie sana barabarani," usikimbilie Kirinyaga Road kutafuta giaboksi. Muulize kwanza mambo matatu: difu iliyopo (meno ya ekseli ya nyuma yanayopokea mzunguko kutoka giaboksi na kuupeleka magurudumuni) ina uwiano gani, tairi ni la saizi gani, na siku nyingi gari hilo linaenda wapi. Nimeshughulika na magari haya hapa Industrial Area, Nairobi, kwa miaka mingi, na mengi ninayoletewa kwa sababu "yameacha kuvuta" baada ya kubadilishwa giaboksi hayana ubovu wowote. Giaboksi nzima, difu nzima, injini nzima. Hakuna aliyekaa na kalamu kabla ya kushika spana, basi.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Chukua uwiano wa gia uliyoweka, zidisha kwa uwiano wa difu. Jibu ni mizunguko ambayo injini inafanya kila gurudumu linapozunguka mara moja. Gia ya nne ya giaboksi nyingi za zamani ni 1.0, yaani propela, ile shafti ndefu kutoka giaboksi hadi difu, inazunguka sawasawa na injini. Difu ikiwa 3.364, injini inazunguka mara 3.364 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu.

Kisha unahitaji kujua tairi likizunguka mara moja gari linasogea kiasi gani. Usitegemee maandishi ya ubavuni peke yake, kwa sababu uzito wa gari hulibonyeza tairi. Piga alama ya chaki kwenye tairi na nyingine sakafuni hapo chini yake, sukuma gari mpaka alama ya tairi irudi chini, piga alama ya pili sakafuni, upime kwa tepu. Tairi la 175 la rimu ya 14, ambalo 240Z ilitoka nalo kiwandani, litakupa takriban mita 1.94. Mwenye gari akiwa ameweka rimu za 15 na matairi ya ubavu mfupi, namba hiyo inashuka, na kila kitu kinachofuata kinabadilika.

Kwa mita 1.94, gari likienda kilomita 100 kwa saa gurudumu linazunguka karibu mara 859 kwa dakika. Namba hii ndiyo utakayofanyia kazi. Zidisha 859 kwa 3.364 unapata karibu 2,890, na hapo ndipo mshale wa takometa utakaposimama kwenye gia ya nne. Ukiweka difu ya 3.9, gia ile ile, mwendo ule ule, mshale unapanda hadi 3,350.

Sasa tazama jambo ambalo wateja wengi hawalijui. Kwa soko la Marekani, Nissan, wenye chapa ya Datsun, iliiuza 240Z ikiwa na giaboksi ya gia nne na difu ya 3.364. Magari mengi ya masoko mengine, Uingereza ikiwemo, yalipewa gia tano na difu ya 3.9. Chukua giaboksi ya gia tano ya ukoo huo ambayo gia yake ya juu ni 0.864. Zidisha kwa 3.9: 3.37. Ni kama hujaondoka kwenye 3.364! Mshale kwenye kilomita 100 unabaki pale pale karibu na 2,900. Kumbe gia ya tano hapa haiipumzishi injini. Inachokupa ni nafasi ya kuweka difu yenye nguvu zaidi huku chini bila kupoteza mwendo wa juu. Gia ya kwanza ya ile giaboksi ya nne ni 3.592, na ukizidisha kwa 3.364 unapata 12.1. Ya kwanza ya hii ya gia tano ni 3.321, na kwa 3.9 inafika karibu 13. Gari linaondoka kwa wepesi zaidi, na barabara kuu haisikii tofauti.

Hili lishike vizuri: difu inagusa gia zote, gia ya tano inagusa moja tu. Ukibadilisha difu umebadilisha kuanzia kuondoka kwenye taa za barabarani mpaka mbio za Thika Road. Kwa hiyo kila unapoambiwa "tubadilishe difu", hesabu pande mbili, gia ya kwanza na gia ya mwisho, uone zote mbili zinaangukia wapi.

Sasa njoo kwenye mchanganyiko unaoharibu magari mengi. Giaboksi ya Datsun 280ZX ya kati ya 1981 na 1983 inasifiwa sana kwa sababu gia yake ya tano ni 0.745. Mtu anaipata, anaifunga kwenye gari lenye difu ya 3.364, anafurahi. Hesabu: 0.745 kwa 3.364 ni 2.51. Kwenye kilomita 100 injini inazunguka mara 2,150 hivi tu. Kwenye kilomita 80 iko karibu 1,720. Injini ya 240Z ni ya sentimita za ujazo 2,393 na uvutaji wake unafika kileleni karibu mizunguko 4,400. Ukiiomba ivute kilima kidogo ikiwa 1,720 itaguna, na dereva atarudi gia ya nne. Gia ya tano aliyoilipia inakuwa pambo.

Huko chini ndiko kubaya zaidi. Gia ya kwanza ya giaboksi hiyo ni 3.062. Kwa 3.364 unapata 10.3 mahali palipokuwa na 12.1. Sasa liweke gari hilo kwenye foleni ya Mombasa Road saa kumi na moja jioni, linasogea hatua mbili, linasimama. Kila hatua dereva inabidi ateleze klachi muda mrefu kuliko kawaida, na ndani ya muda mfupi unasikia harufu. Au lipeleke Mai Mahiu likirudi Nairobi, likiwa nyuma ya trela linalopanda ukingo wa Bonde la Ufa kwa kilomita 30 kwa saa. Kwa gia nne za kiwandani, gia ya pili ingekuwa na mizunguko 1,950 hivi, gari lingevuta. Kwa mchanganyiko huu iko karibu 1,600. Dereva hawezi kukaa ya pili kwa raha, na akirudi ya kwanza injini inalia. Anachagua kati ya mabaya mawili mpaka afike juu.

Giaboksi hiyo hiyo ukiioanisha na difu ya 3.9, mambo yanageuka. Gia ya kwanza inakuwa 11.9, karibu sawa na ya kiwandani. Gia ya pili nyuma ya trela inapanda hadi 1,870 hivi. Na gia ya tano inakuwa 2.9, yaani mizunguko kama 2,500 kwenye kilomita 100, karibu 400 chini ya gari lilivyotoka kiwandani. Hapo mteja amepata alichokiomba bila kupoteza alichokuwa nacho. Kwa gari la kutembelea Nairobi na safari za Naivasha au Nanyuki, kwangu mimi hii ndiyo oanisho bora, na sioni haya kumshinikiza mteja alipie difu pamoja na giaboksi au aache vyote.

Nasema "Nairobi" kwa makusudi. Jiji letu liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda Limuru unapita 2,000. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (pampu ya kuisukumia hewa) hupoteza hapa karibu sehemu moja ya nguvu zake kati ya sita. Ushauri unaoandikwa na watu wa nchi za pwani na tambarare, kwamba difu ya mbio, yaani yenye namba ndogo, ndiyo tamu kwa safari ndefu, ni wa kweli kwao. Injini yao inavuta kwa kifua kizima. Ya kwetu haina pumzi hiyo, kwa hiyo ukisita kati ya difu mbili, chukua yenye namba kubwa. Na kabla hujalaumu difu, hakikisha kabureta zimerekebishwa kwa hewa ya huku, maana zilizopangwa kwa usawa wa bahari humwaga mafuta mengi kupita kiasi na gari linakuwa zito vile vile.

Wenye MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, wana mtihani kama huo. Gari lenye injini ya sentimita za ujazo 1,798 lina difu ya 3.909, meno 43 kwenye krauni (gia kubwa ya ndani ya difu) na 11 kwenye pinioni (ile ndogo inayoizungusha). Ile ya V8 yenye injini ya 3,528 ilipewa 3.07, na kuna watu wanaitamani 3.07 kwa gari la injini ndogo. Usikubali. Mtafutie mteja ovadraivu, kifaa cha kwenye giaboksi kinachoongeza gia ya juu ya ziada. Ile ya 0.82 kwa 3.909 inakupa 3.2 kwa kubonyeza swichi, na gia ya kwanza na ya pili hazikuguswa kabisa. Akiweka difu ya 3.07 na bado ana ovadraivu, anafika 2.5 kwenye injini isiyoweza kuibeba kwenye mlima wowote wa huku.

Hesabu yote hii ni bure kama hujui kilichomo ndani ya gari. Magari haya yana miaka 50 na zaidi, yamepita mikononi mwa mafundi wengi, na hapa kwetu 240Z imependwa tangu iliposhinda Safari Rally ya 1971 na ya 1973, kwa hiyo mengi yamefunguliwa na kufungwa mara nyingi. Usiamini stika, usiamini maneno ya aliyeuza. Hesabu mwenyewe.

Toa gia, yaani iweke nyutro. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele yote mawili, kwa sababu hendibreki inashika magurudumu ya nyuma na itabidi uiachie. Inua gurudumu moja tu la nyuma kwa jeki, kisha weka stendi. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Piga mstari wa chaki kwenye tairi lililo juu na mwingine kwenye propela. Kwa kuwa gurudumu la pili limeshikwa na ardhi, lile la juu litazunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa krauni. Kwa hiyo lizungushe mara 20 polepole, mwenzako akihesabu propela. Ikifika 39, difu ni 3.9. Ikifika 37, ni 3.7. Ikiwa 35 na karibu nusu, ni 3.545. Ikiwa 33 na zaidi ya nusu, ni 3.364. Gurudumu likikataa kuzunguka, huenda kuna difu ya kubana ndani, ile inayolazimisha magurudumu mawili yazunguke pamoja. Inua magurudumu yote mawili, weka stendi pande zote, yazungushe pamoja mara 10, na hesabu itakuwa ile ile.

Fanya hivyo hivyo na difu unayotaka kununua, hapo hapo dukani kabla ya kutoa pesa. Vijana wengi wanajua kwamba difu ya nyuma ya Subaru Impreza STI ni ya aina ya R180, ukoo mmoja na ya 240Z, na ni kweli inaweza kutumika. Lakini zilitoka na uwiano tofauti tofauti, na viungo vya ekseli havilingani, kwa hiyo gharama ya kuvirekebisha iingie kwenye hesabu mapema.

Nunua difu nzima ukiweza. Krauni na pinioni zilisagwa pamoja kiwandani, hazichanganywi na za seti nyingine hata kama meno yanalingana. Ukilazimika kuzifunga upya, paka meno rangi ya alama, zungusha, uone mguso umekaa katikati ya jino, halafu pima nafasi kati ya meno kwa geji ukifuata kitabu cha gari. Fundi anayetegemea sikio peke yake atarudishiwa gari likipiga mluzi.

Oili za difu na giaboksi si moja. Difu inataka oili ya daraja la GL-5. Giaboksi za zamani zenye ringi za shaba nyeupe au njano, zile zinazosawazisha mwendo gia zinapoingia, zinataka GL-4, kwa sababu GL-5 huzifanya zishindwe kushika na gia zikaanza kukwaruza.

Kisha spidometa. Kebo yake inazungushwa na mkia wa giaboksi, haijui kama difu imebadilika. Ukitoka 3.364 kwenda 3.9 propela inazunguka haraka zaidi kwa karibu asilimia 16, na gari likienda kilomita 100 mshale utaonyesha 116. Badilisha kipinioni cha spidometa kilichoko kwenye mkia wa giaboksi, weka chenye meno zaidi, na ufanye hivyo giaboksi ikiwa bado iko chini.

Ukimaliza, usilijaribu gari kwenye barabara iliyonyooka peke yake. Panda Waiyaki Way mpaka Limuru, teremka Mai Mahiu, urudi kwa njia ile ile ukiwa nyuma ya malori. Sikiliza difu ukiwa umekanyaga mafuta na ukiwa umeachia. Mlio unaotokea upande mmoja tu ni wa meno kutokaa sawa. Mngurumo usiokoma pande zote mbili, anza kutilia shaka beringi. Kisha andika kwenye karatasi uwiano wa difu, namba zote za gia, kipimo cha tairi na tarehe, uifunge kwa nailoni na kuibandika ndani ya boneti, ili fundi atakayelifungua baada yako asianze na chaki tena.