Zawadi za Krismasi kwa wateja: je, ni gharama ya duka?

SWALI: Nina agroveti, yaani duka la pembejeo za kilimo na mifugo, hapa Nakuru. Kila Desemba huwapa wateja wakubwa kalenda na fulana zenye jina la duka, pamoja na unga, sukari na mafuta ya kupikia. Safari hii zimekula Sh38,000. Naweza kuzitoa kwenye mapato kabla ya kukokotoa kodi?
– Muuza mbegu

JIBU: Kwanza tazama unalipa kodi gani. Kama uko kwenye kodi ya mauzo, ile TOT ya asilimia 3 kwa biashara zinazouza kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka, jibu ni hapana. Hiyo hukatwa kwenye mauzo yote. Ukiuza Sh400,000 kwa mwezi utalipa Sh12,000, ugawe zawadi usigawe. Unaweza kumwandikia Kamishna wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, utoke, na wenye faida nyembamba hufaidika wakitoka, lakini usihame kwa ajili ya kalenda tu.

Kama unatozwa kwenye faida na unapeleka ritani (taarifa ya kodi ya mwaka) kufikia 30 Juni, inawezekana. Sheria inataka gharama iwe ya kutafuta mapato pekee. Kalenda na fulana hazina ubishi. Chakula ndicho huulizwa maswali, kwa hiyo weka orodha: jina la mteja, tarehe, alichopewa. Kikapu kilichokwenda kwa wakwe Bungoma hakimo, hata kikiwa na stika ya duka.

Wengi hukwama kwenye risiti. Tangu 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, hukataliwa, na ankara hiyo lazima iwe na PIN yako ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi. Mtajie keshia PIN kabla hajafunga hesabu, na ununuzi wa nyumbani ulipie kando. Kwa mchapishaji wa fulana, uliza kama anatoa eTIMS kabla ya kuacha malipo ya awali. Karatasi hizo zitunze miaka 5.

Ukigawa mbegu za rafu yako mwenyewe, usiziandike tena kama matangazo. Bei yake tayari iko kwenye manunuzi. Zitakosekana tu unapohesabu stoki 31 Desemba. Kuziandika tena ni kukata mara mbili.

Wafanyakazi nao? Zawadi isiyo pesa taslimu, isiyozidi Sh5,000 kwa mwezi, haimtozi kodi anayepewa. Ukimpa noti, huo ni mshahara na PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, inahusika.