Re: The Endless River ya Pink Floyd, ninunue au niache?

Ndugu yangu wa Mbale, umeuliza kwa nini mashabiki wa Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, wanagombana hivi juu ya albamu yao The Endless River, na kama inafaa kununuliwa. Nunua, ila ujue kwanza unachonunua.

Ilitoka 2014, lakini sehemu kubwa ni vipande walivyorekodi 1993 na 1994 wakitengeneza albamu yao ya awali, The Division Bell. Richard Wright, mpiga kinanda wao, alifariki 2008. David Gilmour, mpiga gitaa, na Nick Mason, mpiga ngoma, wakarudi kwenye kanda zile, wakaziongezea, wakazitoa kwa heshima yake. Karibu yote ni ala tupu. Wenye mashairi ya kuimbwa ni wimbo wa mwisho tu. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Wengine wanasema ni makombo, tena bila Roger Waters, mpiga besi na mtunzi wao wa zamani aliyejitoa, hakuna makali.

Mimi sikubaliani nao kabisa. Niliisikiliza usiku mmoja hapa Jinja, umeme umekatika, hedifoni masikioni. Kinanda cha Wright kinaingia polepole kama ukungu juu ya Nile alfajiri. Hakuwa mtu wa kujionyesha. Alijaza nafasi ambayo gitaa liliiacha, na ukimtoa, wimbo unabaki mifupa. Machozi yalinitoka.

Sisi tuliokulia kwa muziki wa Afrigo Band, bendi yetu ya Uganda, tunalijua jambo hili: saksafoni ya Moses Matovu unaitambua kabla mtu hajaimba neno.

Isikilize yote kwa mpigo mmoja, usirukeruke. Ukionja kipande kimoja kimoja utadhani haina kitu.