Hujarogwa mkuu, ni stresi za mkopo
Mkuu, umesema tangu uchukue kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, ya kulipia fremu ya biashara unashtuka saa nane usiku moyo unaenda mbio, tumbo linawaka, ukauliza kama umerogwa. Hujarogwa bana, hizo ni stresi. Mwili ukihisi hatari unamwaga homoni za stresi, adrenalini na kotisoli, mapigo yanapanda, presha inapanda, sukari inaongezeka kwenye damu ili upate nguvu ya kukimbia, sasa wewe hukimbii popote, umelala tu unamuwaza mwenye hela yake, basi mwili unabaki umewaka mpaka asubuhi. Mimi yalinikuta, nakunywa enaji tatu kwa siku halafu nashangaa silali😂. Hizo kuanzia mchana achana nazo, simu iache sebuleni, jioni tembea hata dakika 30 jasho likutoke. Ila kapime presha kwanza, 140/90 ikijirudia usipuuzie, na kifua kikibana nenda hospitali hapohapo usisubiri kukuche. Na shemeji mwambie kuhusu hilo deni, usilifiche, kaeni na daftari muone jamaa mtamlipaje kidogokidogo.