Jibu: Kiima cha Kimalagasi kiko wapi?
Ndugu, umeuliza kwa nini sentensi ya Kimalagasi, lugha ya Madagaska, "Manasa lamba ny vehivavy" inaanza na kitenzi. Hujakosea kusoma. Neno kwa neno ni "anafua nguo mwanamke": kitenzi, yambwa (kinachotendwa, hapa nguo), kisha kiima (mtendaji) mwishoni kabisa. Usitafute viambishi vya nafsi kama ni- na a- vyetu, havipo: "manasa lamba aho" ni nafua nguo, "manasa lamba izy" anafua nguo. Kinachobadilika ni herufi ya mwanzo kufuata wakati: manasa sasa, nanasa jana, hanasa kesho. Mimi naona ni nyepesi kuliko vitenzi vyetu! Msamiati ndio utakuhadaa udhani ni lugha ya Kibantu, maana omby ni ng'ombe na akoho ni kuku, maneno ya Kibantu hayo. Ila sarufi ina ndugu zake Borneo, kisiwa cha Asia ya Kusini-Mashariki.